Glavu Zilizolowa: Uchambuzi wa Kisa cha Msafara wa Lenana Katika Mvua za Vuli

Kisa hiki kilitokea mwezi wa Oktoba, katika mapumziko ya Sikukuu ya Mashujaa, msafara wa watu kutoka Nairobi ulipopanda Mlima Kenya kuelekea kilele cha Lenana. Nilikuwamo. Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma ya wote, nihakikishe kwamba hakuna aliyeachwa. Mwaka, jina la kikundi na majina ya wahusika nimeyaondoa, na kila mtu nitamtaja kwa kazi yake ya kila siku au kwa nafasi aliyokuwa nayo safarini. Mhasibu, ambaye ndiye aliyeumia zaidi, ameyasoma haya yote na kuniruhusu niyaandike. Alinisahihisha mahali pawili, na masahihisho yake nimeyaingiza.

Naandika kwa sababu kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, naona misafara ya namna hii ikipangwa hapa mjini kwa ratiba ileile tuliyoifuata sisi, na najua ilipo nafasi ya kuharibika.

Usuli

Mlima Kenya una vilele vitatu vinavyojulikana zaidi. Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188, havifikiki bila kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Lenana, wenye mita 4,985, hufikiwa kwa miguu, na ndiyo maana wakazi wengi wa Nairobi wanaosema wamefika kileleni huwa wanazungumzia Lenana. Kwa kuwa hauhitaji kamba, watu huuhesabu kuwa mwepesi, ilhali hewa ya kule juu ina msukumo unaozidi kidogo tu nusu ya ule wa Mombasa, na baridi yake haijali kama umefika kwa kamba au kwa miguu.

Tulikuwa watu 14. Kwa miezi miwili tulikuwa tumefanya mazoezi kwenye vilima vya Ngong, kisha Longonot, ambao una mita 2,776, kisha mara moja katika milima ya Nyandarua, tulikonyeshewa kutwa nzima na kurudi mjini tukiwa tumeridhika kwamba sasa mvua tumeizoea. Miguu ilikuwa tayari, na jambo hilo silitilii shaka hadi leo. Mratibu wetu, mama mwenye uzoefu wa miaka mingi wa kupanda milima, alituma orodha ya vifaa wiki tatu kabla ya safari na kumtaka kila mmoja ajibu kama anacho kila kitu. Wote tulijibu ndiyo.

Vifaa vyenyewe vilitoka kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi, Nairobi, kwa sehemu kubwa, na sisemi hivyo kwa dharau, kwani koti langu mwenyewe ni la mtumba na limenistiri miaka sita. Shida ya koti la mvua la mtumba ni kwamba ule utando unaozuia maji huenda umekwisha kuchakaa kabla halijafika sokoni, na jambo hilo huwezi kuliona kwa macho. Utaligundua siku litakaponyeshewa kwa saa nne mfululizo.

Tulichagua njia ya Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, kwa sababu upande huo hupata mvua kidogo kuliko upande wa mashariki wa Chogoria. Ratiba ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza tungetoka Nairobi alfajiri, tupitie Nanyuki hadi lango la Sirimon, tutembee hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili tungevuka hadi kambi ya Shipton, mita 4,200. Usiku wa kuamkia siku ya tatu tungepanda Lenana, tushuke moja kwa moja hadi langoni, na tulale Nairobi, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kazi.

Viongozi wa njia walikuwa wawili, wote wenyeji wa pande za Nanyuki. Mmoja alikuwa mzee aliyeujua mlima huo tangu ujana wake. Wa pili alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naye nitamwita Kijana. Wapagazi walikuwa wanane.

Siku mbili za kwanza

Siku ya kwanza haina mengi. Jua liliwaka, tukafika Old Moses jioni, tukala, tukalala.

Siku ya pili tulianza saa moja asubuhi katika anga safi. Asubuhi ya mlimani wakati wa vuli mara nyingi huwa hivyo: jua hupasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujikusanya kufikia adhuhuri, na mchana hunyesha. Mzee alikuwa ametuambia haya mapema, na tulitarajia kulowa. Mvua ilianza saa saba tukiwa ndani ya bonde la Mackinder, ikageuka mvua ya mawe kwa karibu nusu saa, kisha ikarudi kuwa manyunyu ya baridi yasiyoisha. Nakumbuka nilipita karibu na lobelia moja kubwa iliyokuwa imeanza kufumba majani yake. Mmea huo huyafumba usiku ili kichipukizi kilicho katikati kisigande. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana, na mwanga ulikuwa hafifu kama wa magharibi.

Mhasibu alitembea vizuri siku nzima. Alikuwa na fimbo mbili za kutembelea, na mikononi alivaa glavu za kufumwa kwa uzi mnene, nzuri sana kwa baridi kavu. Kwa kuwa mikono ilikuwa nje ya koti muda wote ikishika fimbo, glavu zilinyonya maji kuanzia saa saba hadi tulipofika Shipton saa kumi jioni. Alizikamua mlangoni. Nilimwona akizikamua, na maji yalitiririka kama ya nguo iliyotoka kwenye karai. Akazitundika kwenye kona ya kitanda ndani ya kibanda, mahali ambapo wengine nao walikuwa wametundika soksi na kofia zao.

Kibanda kile hakina moto. Usiku wa mvua, kwenye kimo cha mita 4,200, kitu kilicholowa hakikauki. Sote tulilijua hilo, hata mimi nililijua, na hakuna aliyemuuliza Mhasibu kama alikuwa na jozi nyingine.

Jioni tulikutana mezani. Wawili walikuwa na maumivu ya kichwa. Mmoja wao alitapika baada ya chakula, na Mratibu akaamua papo hapo kwamba hatapanda, atabaki na wapagazi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na ulitolewa bila kusitasita. Kisha tukakubaliana saa ya kugeuka: atakayekuwa hajafika kwenye ziwa dogo la Harris, chini ya kilele, ifikapo saa kumi na moja na nusu alfajiri, atarudi. Tulikwenda kulala mvua ikigonga bati.

Usiku wa kilele

Saa saba na nusu usiku Mzee alitoka nje na kurudi akisema nyota zimetoka. Tulitoka mmoja mmoja kuangalia. Anga ilikuwa safi kabisa, na weusi wa Batian ulionekana wazi juu yetu. Kambi nzima ilichangamka. Watu walikunywa chai, wakafunga viatu, wakaimba kidogo, na saa nane na dakika arobaini watu 13 na viongozi wawili tulianza kupanda.

Mteremko wa juu ya Shipton ni wa changarawe inayoteleza, hatua moja mbele na nusu hatua nyuma, na msafara ulianza kurefuka mapema. Kufikia saa kumi usiku taa za waliotangulia zilikuwa mbali juu yetu. Mbele walikuwa wanane, akiwemo Mratibu, wakiongozwa na Mzee. Nyuma tulikuwa watano, mimi, Mhasibu, Mwalimu na vijana wawili, tukiongozwa na Kijana. Hakuna aliyeamua kwamba tugawanyike.

Saa kumi na dakika ishirini upepo uligeuka. Ulikuja kutoka mashariki, na ndani ya dakika chache nyota zote zilifunikwa, kisha ikaanza theluji laini iliyokuja ubavuni na kuganda kwenye upande mmoja wa kila mtu. Kijana alisimama, akaelekeza tochi yake juu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hii si ya kupita, kaka. Imekuja kukaa." Nilimwomba tuendelee hadi ziwani kisha tuamue, kwa sababu saa ya kugeuka ilikuwa bado. Nitalirudia neno hili hapo chini, kwani ndilo kosa langu kubwa katika kisa hiki.

Kama nusu saa baadaye tulipumzika nyuma ya jabali. Mhasibu alitoa peremende mfukoni, akaishika muda mrefu, kisha akaninyooshea nimfungulie karatasi. Nilimfungulia. Halafu nikaona zipu ya koti lake ikiwa wazi hadi kifuani, theluji ikiingia. Nilimwambia afunge. Alijaribu mara tatu, vidole vikipita juu ya zipu bila kuishika, akaacha, akasema, "Niko sawa, iko sawa." Maneno yalitoka yakiburuzika, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nilipomshika mkono, glavu yake ilikuwa imekauka kwa kuganda. Uzi ulikuwa mgumu kama kamba ya katani. Alipoinuka alipepesuka kuelekea upande wa kulia, ambako hakukuwa na njia. Zaidi ya hayo, hakuwa anatetemeka, ilhali nusu saa iliyotangulia alikuwa akitetemeka sana na kucheka kwa sababu hiyo.

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano.

Uamuzi wa kurudi

Mbele yangu kulikuwa na maelezo mawili ya hali yake. Moja lilikuwa hipothemia, yaani mwili kupoteza joto kwa kasi kuliko unavyoweza kulitengeneza, ambayo dalili zake ni vidole kukosa ustadi, maneno kuburuzika, kujikwaa na, hali inapozidi, kuacha kutetemeka. La pili lilikuwa uvimbe wa ubongo unaoletwa na kimo, ambao nao humfanya mtu apepesuke na kuchanganyikiwa, na ambao unaweza kuua kwa muda wa saa chache. Gizani, katika upepo ule, sikuwa na njia ya kuyatofautisha. Sikuhitaji kuyatofautisha, kwa kuwa yote mawili yalitaka jambo moja kabla ya mengine: kushuka.

Kwanza tulimkinga na upepo. Tulimvua glavu, tukamvika mikononi jozi mbili za soksi kavu za sufu nilizokuwa nazo kwenye mfuko wa nailoni, tukamfunga zipu, tukamzungushia blanketi la dharura la karatasi inayong'aa ndani ya koti, tukampa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kutoka kwenye themosi ya Kijana, kwa kuwa bado alikuwa anameza vizuri. Kazi hiyo ilichukua kama dakika kumi.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mwalimu alikuwa na miaka hamsini na kitu, na mara mbili kabla ya hapo alikuwa amejaribu Lenana na kurudishwa. Alikuwa na nguvu na vifaa vizuri, na ziwa halikuwa mbali. Alisema yeye na wale vijana wawili wanaweza kuendelea kufuata nyayo za waliotangulia. Nilikataa. Alinijibu kwa haki kabisa kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa mimi nina mamlaka ya kumrudisha, na kwamba saa ya kugeuka tuliyokubaliana ilikuwa bado dakika kumi na tano. Sikuwa na jibu. Nyayo zenyewe zilikuwa zinafutika tukiziangalia.

Kijana ndiye aliyelimaliza. Alisogea akasimama mbele ya Mwalimu njiani, akasema bila kupandisha sauti, "Mwalimu, ukipotea huko ni mimi nitakayerudi kukutafuta, na mama yangu ananitegemea." Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akageuka na kuanza kushuka, na tangu hapo hadi kambini alimshika Mhasibu mkono wa kushoto bila kumwachia.

Nilijaribu kumwita Mratibu kwa redio ya mkononi mara sita. Hakujibu.

Kambini, na upande wa pili wa mlima

Tulifika Shipton saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wapagazi walikuwa wameamka. Tulimvua Mhasibu kila kilicholowa, tukamwingiza katika begi la kulalia lililokavu, tukamwekea chupa za maji moto zilizovikwa soksi kwapani na kifuani, tukampa uji mwembamba kidogo kidogo. Hatukumsugua mikono, kwani kusugua kiungo kilichoganda huumiza ngozi. Baada ya dakika arobaini alianza kutetemeka tena, na sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akitetemeka. Saa mbili asubuhi aliweza kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu mwingine, bila kuyumba, na maneno yake yalikuwa yamerudi. Hapo ndipo tulipoelekea kuamini kwamba lilikuwa tatizo la baridi zaidi ya kimo. Hata hivyo tuliamua ashuke siku hiyo hiyo hadi Old Moses.

Wakati huo wote hatukujua lolote kuhusu wale wanane. Walifika kileleni saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, ndani ya wingu, wasione hata Batian iliyo jirani. Mratibu, kwa moyo mwema na kwa kuamini kwamba tulikuwa njiani, aliwaambia wasubiri kundi la nyuma ili wote wapige picha pamoja. Walisubiri dakika ishirini na tano mahali palipo wazi kuliko pote, katika upepo ule. Redio yake ilikuwa kwenye mfuko wa nje wa begi na betri ilikuwa imezimika kwa baridi. Walipoanza kushuka, mmoja wao aliteleza kwenye mwamba uliofunikwa na barafu mpya akavunjika mfupa mdogo wa kifundo cha mkono. Walitufikia Shipton saa nne kasoro dakika kumi, wakiwa wamechoka na wamekasirika kwamba hatukutokea.

Tulilala Old Moses na kurudi Nairobi siku iliyofuata. Mhasibu alitibiwa katika hospitali moja ya mjini. Vidole vinne vilivimba na kubaki na ganzi kwa majuma kadhaa, lakini hakupoteza hata kimoja.

Uchambuzi

Glavu

Wiki mbili baadaye tulikutana kujadili yaliyotokea, na karibu kila aliyezungumza alianzia saa kumi na dakika ishirini, theluji ilipoanza. Kwa maoni yangu kisa kilianza saa saba mchana wa siku iliyotangulia. Tangu Mhasibu alipozikamua zile glavu mlangoni, hali yake ya usiku ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa, iwe theluji ingekuja au isingekuja. Maji hupitisha joto mara ishirini na zaidi kuliko hewa. Kwa wastani, joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya Nairobi na Lenana tofauti ni nyuzi zisizopungua ishirini kabla hujahesabu upepo. Usiku ambao Nairobi ina nyuzi 14, kileleni maji huganda. Mtu aliyevaa uzi uliolowa katika hali hiyo anapoza mikono yake kwa bidii kuliko ambavyo angeipoza kama angeiingiza tu mifukoni.

Vidole vikipoteza ustadi, mambo mengine hufuata. Zipu haifungiki, karatasi ya peremende haifunguki, kwa hiyo mtu hali. Chupa haizunguki kifuniko, kwa hiyo hanywi. Mhasibu alitueleza baadaye kwamba tangu saa tisa na nusu usiku hakuwa amekula wala kunywa chochote, na hakutaka kutusumbua. Baridi ya mikono ilikuwa imegeuka kuwa baridi ya mwili mzima kupitia njia hiyo.

Orodha ya vifaa haikukosa kitu. Ilitaja "glavu", na glavu alikuwa nazo. Haikutaja jozi ya pili, wala kifuniko cha juu kisichopitisha maji, na zaidi ya yote iliulizwa kwa simu na kujibiwa kwa simu. Swali ambalo lingeokoa usiku ule lingeulizwa Shipton saa kumi na mbili jioni, na lingemtaka kila mtu aweke mezani kile atakachovaa usiku ili kiguswe kwa mkono. Nilikuwa na soksi za ziada begini mwangu muda wote huo, umbali wa hatua nne kutoka kitanda chake.

Nyota za saa saba na nusu

Wapo waliosema hatukupaswa kuondoka kambini. Siafikiani nao. Anga ilikuwa safi, Mzee aliridhika, mgonjwa aliyejulikana alikuwa ameachwa, na wakati wa kugeuka ulikuwa umepangwa. Kwa yale tuliyoyajua, kuondoka kulikuwa halali. Kosa lilikuwa katika jinsi tulivyozisoma zile nyota. Tulizichukua kama ahadi ya asubuhi nzima kwa sababu tumezoea kwamba mvua ya mlimani ni ya mchana. Mazoea hayo ni ya kweli kwa siku nyingi, lakini wakati wa vuli pepo zenye unyevu kutoka upande wa Bahari ya Hindi zinaweza kuleta mawingu saa yoyote, na utabiri tuliokuwa tumeusoma kabla ya safari ulikuwa wa mji wa Nanyuki, ulio chini ya mita 2,000. Nyota zilitueleza hali ya saa saba na nusu tu.

Hapa ndipo lilipo kosa langu. Saa ya kugeuka tuliiweka kwa ajili ya mtu anayetembea polepole. Haikuwa na neno lolote kuhusu anga. Kijana aliponiambia kwamba hali hii imekuja kukaa, niliitazama saa yangu badala ya kulitazama lile alilonionyesha, na saa ikanipa ruhusa ya kuendelea kwa dakika arobaini na tano zaidi. Katika dakika hizo Mhasibu aliacha kutetemeka.

Kundi kukatika vipande viwili

Msafara kugawanyika kwa kasi ya miguu ni jambo la kawaida na si baya lenyewe, maadamu kila kipande kinaweza kujitegemea na kila kimoja kinajua kingine kitafanya nini. Sisi tulikuwa na kiongozi kila upande, na hiyo ilitusaidia sana. Hatukuwa na makubaliano ya nini kifanyike redio zikikatika. Kwa kukosa neno moja tu, kwamba aliyefika juu hasubiri, watu wanane walisimama kileleni dakika ishirini na tano wakipoteza joto kwa ajili ya watu waliokuwa wamekwisha kurudi kambini. Siwezi kuthibitisha kwamba aliyevunjika mkono aliteleza kwa sababu ya kusubiri, lakini yeye mwenyewe anasema miguu ilikuwa imekufa ganzi alipoanza kushuka.

Redio ni jambo dogo kulieleza. Betri ikipata baridi hupoteza nguvu, na redio hukaa ndani ya koti, karibu na mwili.

Ratiba

Kutoka kulala kwenye mita 3,300 hadi kulala kwenye mita 4,200 usiku unaofuata ni kupanda mita 900, wakati ushauri wa kawaida wa kitabibu, ukishavuka mita 3,000, ni kutoongeza kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Tulifanya hivyo kwa sababu tulikuwa na siku tatu za mapumziko, si kwa sababu mlima uliruhusu. Maumivu ya kichwa na matapishi ya jioni ile yalitokana kwa kiasi kikubwa na ratiba hiyo, na naamini uzito wa akili tuliokuwa nao sote saa kumi usiku, mimi nikiwamo, ulitokana nayo pia. Ukosefu wa hewa humfanya mtu ashikilie mpango wa jana kwa kuwa kuufikiria upya kunachosha.

Kilichosaidia

Sitaki ionekane kwamba kila kitu kilikwenda vibaya. Mgonjwa wa kwanza aliachwa kambini bila mabishano. Kulikuwa na mtu wa nyuma aliyetembea kwa mwendo wa mwisho, na bila nafasi hiyo hakuna ambaye angeipokea ile peremende. Vitu vikavu vilikuwa ndani ya nailoni. Wapagazi walikuwa na maji moto kabla hatujavua viatu. Na Kijana, ambaye kwa umri angeweza kuwa mtoto wa Mwalimu, alisema lililohitajika kwa adabu ambayo Mwalimu hakuweza kuipinga.

Yaliyobadilika, na moja ambalo halijaamuliwa

Tangu mwaka ule safari zetu za vuli ni za siku nne. Siku ya pili tunapanda mita mia nne hivi juu ya Old Moses, tunakula mchana huko, tunarudi kulala palepale. Watu wawili walijitoa kwa sababu hawakupata ruhusa kazini, na tuliwaruhusu kwenda zao bila kufupisha safari. Jioni ya Shipton kila mtu huleta mezani glavu, soksi na kofia ya usiku, na Mhasibu, ambaye sasa ndiye mtunza vifaa, huzigusa moja baada ya nyingine kwa mkono wake wa kulia, ule ambao vidole vyake vilitangulia kurudi katika hali ya kawaida. Iliyolowa haipandi. Kikundi kina jozi tano za akiba ambazo hazitolewi begini hadi wakati huo. Saa ya kugeuka ipo bado, lakini theluji au upepo unaomzuia mtu kusikia sauti ya mwenzake umbali wa hatua kumi unaitangulia.

Mwalimu alifika Lenana Februari iliyofuata, katika kiangazi, akiwa na Kijana.

Lililobaki ni suala la mamlaka. Mimi naona kwamba anayetembea nyuma, akiona hali inayohitaji kurudi, awe na haki ya kuwarudisha wote waliopo pamoja naye, na neno lake lisipingwe hadi kambini. Mratibu anaona kwamba haki hiyo ni ya kiongozi mwenyeji peke yake, kwa sababu ndiye anayeujua mlima na kwa sababu mtu wa nyuma, akiwa mmoja wetu, anaweza kusukumwa na urafiki au uchovu. Tumelijadili mara tatu. Kwa sasa tumekubaliana kwamba kabla ya kila safari jina la mwenye neno la mwisho katika kila kundi litatajwa Nairobi mbele ya wote, na kila mshiriki atamjibu kwa sauti kwamba amekubali.